Ukuta wa Jikoni Kwako Umefika Chuo Kikuu

Newala,
Jumapili, baada ya ibada

Dada Agnesi,

Shikamoo. Nimeiandika hiyo shikamoo halafu nikatulia kidogo, kama mjinga, nikingoja marahaba yako. Haya. Niendelee tu, maana habari niliyonayo haikai kifuani.

Tumaini amepita! Mwanetu, dada, yule uliyemfundisha kuhesabu kwa korosho mbichi hapo uani. Chuo kikuu wamelikubali andiko lake la utafiti, sasa anaendelea na shahada ya uzamivu, ile ya juu kabisa, katika mambo ya sera za umma. Alipopiga simu juzi nilikuwa napepeta mahindi. Niliurusha ungo, kuku wakashiba, sikujali. Nilipiga vigelegele peke yangu mpaka Mama Shaibu, jirani yetu, akatoka mbio na fimbo akidhani nimeona nyoka.

Uliniuliza ukiwa kitandani, “Roda, udaktari gani huo usiochoma sindano?” Sasa ninalo jibu, amenieleza polepole. Huko juu wanapanga maji yafike kijijini kila siku, na kwenye karatasi yanafika. Yeye kazi yake ni kuufuata ule mpango mpaka kwenye bomba letu, aone unakwama wapi, kwa nini, na wa kurekebisha ni nani. Watu hapa bado hawajaelewa. Mzee mmoja ameshaniagiza dawa ya goti.

Lakini nikueleze ilivyokuwa, maana ilibaki kidogo tu ishindikane, na wa kuiharibu nilikuwa mimi.

Mara ya kwanza walimu wake walimrudishia andiko. Mada nzuri, walimwambia, lakini ushahidi uko wapi? Alikokwenda kuomba kumbukumbu za siku maji yalipotoka hapa kwetu, alikuta hakuna aliyeziandika. Wakampa muda mfupi: alete kitu cha kushikika, au abadilishe mada. Akapanda basi kuja kwenye arobaini yako akiwa na hilo moyoni. Hakumwambia mtu.

Na mimi siku ile nilikuwa jikoni kwako nasiriba ukuta. Kanisa zima linakuja, ningeuacha umejaa mkaa? Ile michoro yako. Mstari siku maji yalipotoka, duara siku yalipokauka, msalaba kila Jumapili ili usipotee. Mwaka hadi mwaka, toka mlangoni mpaka kwenye mafiga. Nililia nikiitazama, halafu nikachovya mkono kwenye udongo mweupe, nikaanza kuifunika. Nilidhani nakuheshimu, dada.

Tumaini akaingia, begi mgongoni.

“Mama, acha! Mama, usiguse tena!”

Nikadhani nge. Alinishika mkono na udongo wake, akaanza kuupiga picha ukuta kwa simu, anacheka, analia. Kisha akafika upande wa mlangoni, akashusha simu. Upande ule nilikuwa nimeshaumaliza. Mweupe pe.

Nisamehe. Niliketi pale pale kwenye majivu nikasema, Bwana wangu, nimeifuta shule ya mwanangu kwa mkono huu.

Ndipo Mama Shaibu, aliyekuja kutusaidia kuchagua mchele, akachungulia. Unakumbuka alivyokuwa akikutania, “Mwalimu wa ukutani, leo somo gani?” Basi yeye akasema, “Mnalilia michoro tu? Njooni kwangu.”

Tukamfuata. Nyuma ya mlango wa jiko lake, dada, mistari! Maduara! Na kwa kuwa yeye ni Mwislamu, badala ya msalaba wa Jumapili amechora mwezi mdogo kila Ijumaa. Akainamisha kichwa kama mtu aliyekutwa akiokota mabibo chini ya mikorosho ya wenzake. “Agnesi alinifundisha. Nilimcheka, halafu nikaona yeye anajua lini ateremke bondeni kutafuta maji, mimi sijui.”

Wewe! Kumbe ulikuwa na wanafunzi na hukuniambia. Mama Shaibu akatupeleka kwa wengine, tukapata majiko manne. Tumaini akaziweka picha pamoja. Palipobaki mistari yako, walilingana nawe. Nilipofuta mimi, wao walipajaza. Sala ya arobaini ilichelewa kuanza kwa sababu padri naye alikuwa jikoni kwa Mama Shaibu, miwani puani, anahesabu maduara.

Tumaini aliporudi chuoni, mwalimu mmoja akamuuliza, tutajuaje kwamba akina mama hawa hawakujichorea tu? Unajua mwanao aliwajibu nini? Aliwasimulia ile siku ya nusu ndoo. Yeye alikuwa mdogo, kumbe alikuwa anatuangalia. Nilitoka bombani na nusu ndoo, nina furaha zangu, nikachukua mkaa nikachora mstari. Ukalamba kidole, ukaufuta, ukachora duara. “Usinichoree mstari ndoo haijajaa. Nusu ndoo si maji, ni dharau.” Nilikununia mpaka jioni. Basi wale walimu wamecheka, kisha wameandika. Kwenye andiko la Tumaini, ndoo yako sasa inaitwa kipimo.

Namshukuru Mungu, dada, namshukuru sana, lakini kuna saa furaha hii inaniuma. Leo kanisani nimemtolea sadaka ya shukrani. Watu wamenipigia makofi, nami nikageuka upande wako wa benchi ili unifinye, unavyofanyaga nikianza kujiona. Bado tunaacha nafasi yako. Nimevaa kitenge chako kile cha kijani, kinanibana.

Mwezi ujao Tumaini anakuja kuanza kazi yenyewe. Atakaa na akina mama jikoni, atauliza, ataandika. Anasema itachukua miaka. Nitampikia. Na nakuahidi haya mbele za Mungu: ukuta wako hautaguswa tena na udongo, na kuhesabu hakutakoma mpaka amalize. Pale mlangoni nilipopasiriba ndipo ninapochora mimi sasa. Tumaini amenionya, “Mama, usichore unachotamani.” Ningethubutuje, na wewe unanitazama?

Lala salama, dada yangu, mpaka Bwana atuamshe wote.

Leo asubuhi nilipanga foleni kabla ya ibada. Bomba lilikohoa, ndoo ikafika nusu, maji yakakata. Nilirudi nikiimba hivyo hivyo, nikashika mkaa, na kwa furaha niliyokuwa nayo mkono ukataka kuchora mstari.

Nimechora duara, dada. Na msalaba pembeni yake.

Mdogo wako,
Roda, Mama Tumaini