Mafuta ya Senge

Jumanne, Kitale

Ati ameziombea! Nimerudi kutoka kazini nikakuta kabati la vioo liko wazi, na doli zangu zimepakwa mafuta ya kupikia kwenye paji la uso. Senge, shangazi aliyenilea kule Bungoma, amekaa kwenye kochi anakunywa chai kama mtu aliyemaliza kazi nzuri.

"Nimetoa mapepo," akasema. "Mtu mzima kama wewe, unalalaje nyumba moja na vitu vya meno hivi?"

Meno ndiyo ninayozipendea! Tangu shule ya msingi nanunua doli za mazimwi kwenye mitumba na kuzishonea nguo mwenyewe. Koti la mahameli la yule wa pembe lilinichukua mwezi mzima. Sasa lina doa, na nywele zake zimegandamana. Si mtu angeuliza kwanza? Si hii nyumba ni...

Mmoja tu hakupakwa, yule wa jicho moja niliyemnunua soko la Chwele nikiwa mdogo. Nikauliza huyo amekosa nini.

"Huyo si pepo, bana," Senge akasema bila aibu. "Huyo ni manani, lile zimwi nililokuwa nakuhadithia ukikataa kulala. Huyo namjua."

Nimezisugua kwa sabuni mpaka vidole vinauma, na hasira bado haijaisha. Sijui nitamwambiaje kwamba hata hao wengine wote niliwanunua kwa sababu ya hadithi zake.