Kipindi Chako Kimerushwa, Nakundwa

Nakundwa rafiki yangu,

Kipindi kimerushwa. Naanza na hilo kwa sababu najua wewe ungeziruka salamu zote ulifikie. Sehemu zote kumi zimeshaonyeshwa, kila Ijumaa saa moja jioni, na jina lako linatokea mwanzoni kabla ya jina la mtu mwingine yeyote. Limeandikwa sawasawa. Nilihakikisha mwenyewe.

Nakuandikia nikiwa ofisini, Jumamosi mchana. Upepo wa Same haujabadilika, na kompyuta bado tunazifunika kanga kwa ajili ya vumbi. Fundi cherehani wa chumba cha mbele amehama, siku hizi kuna vijana wanatengeneza simu. Wanapiga muziki kutwa. Rajabu amekwenda kwao Makanya kwenye harusi ya dada yake, kwa hiyo nina ofisi nzima peke yangu, na nimeona nikae nikwambie mambo yalivyokwenda, kwa mpangilio.

Watu wananiuliza kipindi kilianzaje. Nimepata jibu fupi: tulikuwa watu watatu tunatengeneza mchezo wa simu kwenye chumba nyuma ya fundi cherehani, na mmoja wetu akawa anaandika kila tulichokosea. Wakitaka zaidi nawaeleza ule mchezo wenyewe, lori lililojaa tangawizi linashuka kutoka milima ya Mamba wakati wa mvua, na mchezaji anatakiwa alifikishe tambarare bila kumwaga mzigo. Wewe ulichora mlima na kutunga hadithi, mimi niliandika programu, Rajabu alirekodi sauti. Nawasimulia pia siku mgeni kutoka Dar es Salaam alipokuja kuuona, magunia yakaanza kutoka kwenye lori moja moja yakipaa juu kama maputo. Mgeni akauliza kama hiyo ndiyo hatua ya pili ya mchezo. Ukamjibu, "Ndiyo, hiyo ni ya wachezaji wazoefu." Halafu kioo kikaganda, ukafungua daftari lako ukaandika. Nilikuwa natokwa jasho na wewe ulikuwa unaandika.

Mgeni yule hakuutaka mchezo. Lakini mwaka mmoja baadaye ulimtumia Bi Hamida, mwongozaji wa vipindi vya televisheni, zile kurasa zako za daftari zikiwa zimepangwa kuwa kichekesho cha ofisi ya watu watatu, ukakiita *Imeganda*. Akakipenda. Hapo ndipo mimi na wewe tulipokosana, na kwa kuwa watu wengi hawajui kwamba tulikosana, nalieleza hapa lote.

Unakumbuka kwamba mama yangu alikuwa anajua nafanya kazi benki. Uongo wenyewe haukuja kwa siku moja. Nilifanya mafunzo ya miezi mitatu benki nilipotoka chuo, akautangazia usharika mzima wa kwetu Gonja, na nilipojiunga nanyi kutengeneza michezo sikupata neno la kumrekebisha. Kila alipopiga simu mchana nilitoka mbio nikasimame kwenye mlango wa benki, ili asikie ile mashine inayoita wateja. Ulinicheka mpaka ukakaa chini. Mwishowe Rajabu akanihurumia, akaenda kuirekodi ile sauti. Tangu hapo simu ya mama ikiingia, Rajabu anabonyeza, mashine inaita, mimi naongea na mama nikiwa nimekaa kwenye kiti changu.

Ulilijua hilo kwa sababu nilikueleza mimi, na nilikueleza kwa sababu ulikuwa rafiki yangu. Nilipofungua skripti ya sehemu ya sita nikalikuta lote. Jina ulibadilisha, yule msichana ukamwita Anitha, lakini mlango wa benki ulikuwepo, na sauti ya kurekodi, na mama wa mlimani anayejisifu kanisani. Nikakwambia uiondoe. Ukasema, "Eliwaza, nikiitoa hiyo, kinachobaki ni watu watatu na kompyuta mbovu." Nikasema mama yangu ana televisheni. Ukasema basi mwambie kabla hajaiona. Nikasema maneno mengine, ambayo sitayarudia hapa. Tuliendelea kufanya kazi chumba kimoja kwa siku kumi na moja bila kusemeshana. Rajabu alikuwa akimuuliza kila mtu kwa zamu kama anataka chai.

Siku ya kumi na mbili hukuja. Ulikuwa umepanda kwenu Mbaga kuwaona wazazi, baridi ikakukuta huko, na selimundu, ule ugonjwa wako wa damu, ikakushika. Tulishazoea. Kila mwaka ilikushika mara mbili tatu, unalala siku kadhaa, unarudi umekonda, unadai chapati. Safari hii walikupeleka hospitali Moshi. Rajabu alikwenda kukuona mara mbili. Mara ya kwanza aliporudi alisema, "Anakuulizia." Mara ya pili akasema tena hivyo hivyo, na akaongeza, "Panda basi la kesho, Eliwaza." Nikamjibu, "Akipona tutaongea."

Ulifariki Alhamisi asubuhi. Nilipopigiwa simu nilikuwa narekebisha kosa kwenye breki za lori. Nilimaliza kulirekebisha, nikajaribu mara mbili kuona kama breki zinashika, ndipo nikafunga kompyuta. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Naliandika tu kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Msiba wako kule Mbaga ulikuwa mkubwa, na ukungu haukuondoka siku zote mbili tulizokaa. Nilikuwa jikoni namenya ndizi na akina mama. Kila aliyeingia alionyeshwa mimi, "Huyu ndiye rafiki yake wa kushibana," akanishika mikono akanipa pole. Nilizipokea zote. Kwenye mazishi mjomba wako alisoma wasifu. Akasema marehemu alikuwa mwalimu wa michezo huko Same. Rajabu akanitazama. Baada ya hapo mzee mmoja wa kanisa akatuita pembeni, akatuuliza kama sisi ndio tuliofundisha nawe mpira wa pete. Rajabu, na kanzu yake na huzuni yake, akasema ndiyo mzee, mimi nilikuwa upande wa magoli. Ilibidi niende nyuma ya nyumba. Wanawake walidhani nimekwenda kulia, wakaniacha.

Wiki tatu baadaye Bi Hamida alikuja Same. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akanywa chai ya Rajabu, akasema skripti zote zimekamilika, lakini sehemu ya sita umeiandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: "Muulizeni Eliwaza." Hakujua maana yake. Akasema yeye anaipenda, lakini nikisema itoke, itatoka. Nikamwomba siku mbili.

Nilikuwa nimeamua kuitoa. Ningesema tu neno moja na mambo yangeisha. Badala yake kesho yake nilijikuta kwenye gari la Gonja. Sidai kwamba nilifanya jambo kubwa. Nadhani nilichoka kupewa pole.

Nilimkuta mama uani anachambua maharage. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza. Nilimweleza benki, na michezo, na ile sauti ya kurekodi, na kwamba kuna kipindi. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akasema, "Miaka minne." Nikasema ndiyo, mama. Akasema, "Nimesimama mbele ya usharika nikatoa shukrani kwa ajili ya kazi yako ya benki." Nikasema najua. Akanyanyua ungo akaingia ndani.

Hakunisemesha jioni ile, wala asubuhi. Alinipa chakula na akanitandikia kitanda. Nilifagia uwanja, nikateka maji, nikakata majani ya ng'ombe. Mchana wa siku ya pili, wakati nafunga mkoba wangu nirudi, ndipo akaja akasimama mlangoni.

"Huyo mama wa kwenye televisheni," akasema, "anasema nini?"

Nilikuwa na skripti. Nikamsomea sehemu yote ya simu, nikiiga na ile mashine. Alisikiliza mikono ikiwa kiunoni. Nilipofika mwisho akatikisa kichwa.

"Huyo aliyeandika hajamjua mama. Mama gani asiyeuliza? Mimi kila nikikupigia, ni mteja namba thelathini na mbili, dirisha namba nne. Wiki hii thelathini na mbili, wiki ijayo thelathini na mbili. Nikasema huyu mteja ana shida kubwa."

Nikamuuliza mbona hakunikamata. Akasema, "Nilikuuliza siku moja mbona mnamwita mtu yule yule. Ukasema mna wateja wengi. Nikanyamaza. Nilikuwa nimeshatoa shukrani kanisani." Kisha akasema niwaambie watu wa televisheni kwamba yule mama aulize, halafu anyamaze, na kwamba wasimvalishe kanga ya kuchanika eti kwa sababu anaishi mlimani.

Kwa hiyo sehemu ya sita haikutoka. Ilibadilishwa mistari mitano, na mistari hiyo ni ya mama yangu. Ulikosea hapo, Nakundwa. Ulimwandika kama mtu anayedanganyika. Nadhani ulimwandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyokueleza mimi.

Walipiga picha hapa hapa Same, ila chumba chetu kilikuwa kidogo mno kwa kamera wakakodi kingine karibu na soko. Walitengeneza ukuta wetu upya na ile alama ya unyevu juu ya dirisha. Binti aliyeigiza nafasi yangu ni mzuri kuliko mimi na anaharakisha maneno. Anayeigiza nafasi yako, yule mwenye daftari uliyemwita Pendo, alimfuata Rajabu siku nzima akiuliza ulikuwa ukicheka vipi. Rajabu alijaribu kumwonyesha, ikashindikana. Mchezo wetu wenyewe umeshatoka. Watu wanaucheza, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya kipindi, na wengi wanalalamika kwamba breki ni kali mno.

Ijumaa ya sehemu ya sita nilipanda Gonja. Mama alikuwa amewaita akina mama saba wa usharika, na alishawaambia yote yeye mwenyewe. Walikaa sebuleni na chai na maandazi. Yule mama wa kwenye televisheni alipouliza habari za mteja namba thelathini na mbili, walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mama yangu hakucheka. Alikuwa anakagua kanga ya mwigizaji. Ilikuwa nzima, na alionekana kuridhika.

Wageni walipoondoka tukabaki tunakusanya vikombe. Akaniuliza, "Aliyeandika ndiye yule binti wa Mbaga aliyefariki?" Nikasema ndiye. Akauliza, "Mlipatana mpaka mwisho?"

Nikasema ndiyo.

Lilinitoka tu, kama kawaida yangu. Akasema, "Mungu ampumzishe," akachukua sinia akaenda jikoni. Ndiyo sababu nakuandikia.

Sasa kituo kinataka msimu wa pili, na Bi Hamida ameniomba niuandike mimi. Wamejadili sana wafanye nini na Pendo. Wengine wanataka apate kazi Dar aondoke kwa furaha. Rajabu anataka abaki, kwa kuwa mwigizaji mwenyewe yupo na ni mzima. Mimi nimesema afe. Mmoja akauliza kama bado kitakuwa kichekesho. Nikawasimulia habari ya mwalimu wa michezo, wakacheka, halafu wakaniomba radhi kwa kucheka.

Nitakwambia ninachokwenda kuandika, kwa sababu safari hii nataka mwenye habari yake ajue kabla. Pendo ataugua. Sitamfanya mtakatifu. Atabaki mkaidi, atakula chapati za wenzake, na ataandika siri za watu kwenye daftari bila kuomba ruhusa. Anitha atatumiwa salamu mara mbili, na mara zote mbili atasema akipona wataongea. Hatakwenda. Sitamwekea basi lililoharibika njiani wala mvua iliyokata barabara. Atakuwa na nauli na nafasi, na hatakwenda. Watazamaji watamchukia, na nitawaacha wamchukie.

Kabla msimu huo haujarushwa nitapanda Mbaga nimweleze mama yako, ambaye mpaka leo ananiita mwanangu. Nikitoka huko nitakwenda Gonja nimweleze mama yangu kwamba nilimjibu uongo tena. Sijui watasema nini. Nakuahidi nitakwenda kote kuwili, na nitakwenda mwenyewe, sitamtuma Rajabu.

Na kuna jambo moja ambalo ningekwambia kama ningepanda lile basi. Siku niliyofungua skripti ya sehemu ya sita, ulikuwa umetoka kununua vocha, hukuniona. Niliisoma yote nimesimama. Nilicheka, Nakundwa. Nilicheka peke yangu mpaka fundi cherehani akagonga ukuta. Hasira ilikuja baadaye.

Pumzika rafiki yangu.

Eliwaza