Sarafu za Baba Mkwe Zimeng'aa Mno

Mama Felismina,

Naomba unisaidie kabla Jumapili haijanifika. Naishi hapa Vila do Conde, Ureno, na baba mkwe wangu Adérito, fundi mstaafu wa kuunda meli, na mzee huyu ana sarafu za fedha za ukumbusho wa safari za kale, moja ina meli inayozunguka Rasi ya Tumaini Jema, nyingine inaingia Brazili, na mama, ni nzuri hizo, mchongaji hakusahau hata kamba moja, na ingawa macho ya mzee yamefifia, hupitisha kidole juu ya tanga akasema, "Hii inakwenda India, mwanangu, na upepo imeupata," nami humsikiliza kama mtoto. Sasa juma la Pasaka, tulipokuwa tunasugua vyombo vyote vya fedha kwa kuwa msalaba wa parokia ungepitishwa nyumba kwa nyumba tuubusu, kwa kimbelembele changu nikazitumbukiza na sarafu kwenye magadi, nikasugua mpaka zikawaka, nikidhani nitamfurahisha, kumbe mume wangu alipoziona akashika kichwa, "Zulmira, umeziua! Sarafu kongwe haisuguliwi, ule weusi ndio umri wake!" Jumapili mzee anazipeleka mkahawani kwa wakusanyaji wenzake, watamcheka, na mume wangu anasema tutafute nyingine tubadilishe kimyakimya, hataona. Tangu hapo mzee huzipapasa moja moja kisha huziweka kando, na juzi mezani akaniuliza, "Mwanangu, huna la kuniambia?" nikasema nimesahau chumvi kwenye supu. Nifanye nini?

Zulmira

Zulmira,

Pole, ila kimbelembele kimekuponza, na mumeo anataka kukuongezea balaa. Ulisugua kwa mapenzi. Kubadilisha ni wizi, bibi wee! Tena mnamdanganya nani? Mtu anayeijua safari kwa kidole asijue kwamba sarafu zake zimeogeshwa? Soma tena barua yako. Mzee hakuuliza habari za chumvi. Anajua, na anakungoja wewe tu.

Basi leo, usingoje Jumamosi, mkatie kipande cha mkate wa Pasaka, keti karibu naye, umwambie, "Baba, ni mimi." Mumeo usimtaje. Weusi wa fedha utarudi wenyewe polepole, ila imani ya mzee kwako sina hakika. Ukishamwomba radhi, mwombe akufundishe kuzisoma kwa kidole, nawe umefumba macho. Jumapili fuatana naye mkahawani, na wakicheka, sema mwenyewe nani alizisugua. Siku moja Adérito hatakuwepo, na lazima nyumbani humo abaki mtu anayejua ni ipi inayokwenda India.