Leso ya Magotini

Noonkopir, Kitengela
Jumatano jioni

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mgongo unaendeleaje, na baridi ya huko Kajiado imepungua? Mimi ni mzima, ila nimechoka, tena kwa uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Naandika kuhusu Jumapili. Ulisafiri kuja kusikiliza mazoezi ya utungo wangu, ukamkuta Soila, mpigaji wangu, amekikumbatia kile kinubi kikubwa cha kanisa, magoti yamekibana pande zote mbili, bega limekibeba. Ukafanya kama wafanyavyo akina mama wetu kwa kila mwanamke anayeketi mbele ya waumini: ukamtandikia leso magotini. Nami nikaiondoa, watu wakitazama. Nikahutubu kwamba utungo huu unahusu mwili wa mwanamke ukiwa kazini, pumzi yake, viganja vinavyopiga ubao, miguu inayosukuma pedali, na kwamba kuufunika ni kuufuta. Mama Cate, mmoja wa akina mama wa kanisa, akanijibu kuwa shahada yangu haijawahi kuvaa sketi. Wanawake wakacheka, nikazidi kubishana, mpaka ukaondoka bila hata kunywa chai.

Jana Soila alinirudishia karatasi za muziki, akisema hatapiga. Nilidhani ni leso iliyomuudhi, nikaanza kumtetea upya. Akaninyamazisha. Alisema kwamba wewe ulimfunika bila kumuuliza, nami nikamfunua bila kumuuliza, na kwamba katika ubishi wote ule juu ya magoti yake, mwenye magoti ndiye hakupewa nafasi ya kusema. Mama, nimesoma vitabu vingi kuhusu jambo hili hili, na ndipo tu nikamuuliza yeye anataka nini.

Kuna jingine ambalo sijakuambia. Ile pumzi ndefu inayofungua utungo, kabla uzi wa kwanza haujaguswa, ni yako. Ndivyo unavyoivuta kabla ya kuinua mtungi wa maji. Niliiandika, nikaitilia jina langu, wala sikukuomba. Leo nakuomba. Ukikataa, nitaiondoa, ijapokuwa bila hiyo sijui utungo utaanzia wapi.

Soila amekubali kupiga Jumamosi, siku ya onyesho, kwa sharti moja: wewe uketi kiti cha mbele, leso ikiwa mapajani mwako. Akiihitaji, ataiomba mwenyewe. Mimi nimeagizwa kunyamaza.

Nisalimie Baba na dada Mugure. Jumamosi nitakuwa stendi tangu asubuhi, nikitazama kila gari litokalo Kajiado.

Mwanao,
Wahome