Daftari la Mashamba na Posa ya Thani

Karibu na Lango Kubwa,
Maskati.
12 Desemba 1970

Mpendwa dada yangu Muhsina,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Mombasa, na goti lako linakupa nafasi ya kushuka ngazi? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Idi imetukuta salama na joto limepungua. Hind anasomesha wasichana katika skuli mpya, na akirudi sauti imemkauka.

Miaka minne sijakuandikia hata mstari. Sikuwa na uso. Leo nakuandikia na uso bado sina, lakini nikingoja niupate nitakufa kabla.

Unalijua daftari langu jeusi. Nilipokuwa karani wa ofisi ya ardhi Unguja nilinakili ndani yake kumbukumbu za wakadiriaji, wale waliopita shamba kwa shamba enzi za babu zetu wakiandika thamani ya kila moja. Nikajiona bingwa wa nasaba za watu. Kila mwenye kutaka kujua babu yake alikuwa nani alikuja kwangu, nami nikivaa miwani na kujikohoza kama kadhi.

Tulipokuwa sote Mombasa, ukaleta posa ya mwanao Thani kwa Hind, mtoto wa marehemu kaka yangu, mie ndiye niliyekuwa walii wake wa kumwozesha. Nikalifungua daftari mbele ya wazee. Nikawasomea shamba la Bumbwini: safu ya mwenye shamba, babu yangu Amur bin Khalfan bin Said, safu ya mkaaji, Bakhit. Bakhit basi, bila ubini. Nikasema Bakhit, babu yako, alikuwa mtu wa kuhifadhiwa tu kwenye shamba letu, hana nasaba, undugu wetu ni wa mazoea, na kufu, ule usawa wa kuoana, haipo. Watu wako waliinuka, sharubati haijaguswa. Wallahi, nilijiona nimefanya kazi nzuri!

Mwezi uliopita nimekutana na Mzee Marhoon, ambaye utotoni alikuwa akiwashikia wakadiriaji mnyororo wa kupimia. Sasa anakaa kijijini Yiti, na alikuja mjini kutafuta dawa ya macho. Nikamsomea ukurasa ule kwa majivuno yale yale. Alicheka mpaka akashika mbavu. Safu ya pili, ya mkaaji, kanambia, ni ya mtu yeyote waliyemkuta nyumbani siku ya kupima. Angekuwa mgeni wa siku mbili, angeandikwa. Na huyo waliandika jina moja tu, kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo na jua kali.

Tukafunua mbele. Shamba la Mkokotoni: mwenyewe ni Bakhit bin Khalfan bin Said, na mkaaji ni Amur. Amur basi. Ndugu wawili, baba mmoja, kila mmoja siku ya kupima alikutwa kwa mwenzake.

Sasa nikwambie linaloniunguza, na Marhoon sikumwambia. Ukurasa ule wa Mkokotoni niliuona tangu siku ya posa. Niliuona asubuhi, kabla hamjafika. Ulinitatiza, na Marhoon mwenyewe wakati ule alikuwa Mombasa, mtaa wa pili. Sikwenda kumuuliza kwa sababu sikutaka jibu. Nilitaka Hind aolewe na jamaa wa Maskati, nipate wa kunifungulia njia ya kurudi huku. Nikalifunga daftari kidole kikiwa bado ndani. Naona haya, dada. Nakula naona haya, nasali naona haya.

Wazee waliokuwepo siku ile, kila aliye hai nimemwandikia kwa mkono wangu kwamba Amur na Bakhit ni ndugu wa baba mmoja, na kwamba mimi Majid nilisema uongo.

Hind nimemwambia pia. Hakulia. Alikuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake, akauliza, "Miaka minne hiyo utanirudishia vipi, ami?" Wamekuja wachumba watatu hapa, wote amewakataa, na mie nilijitia sijui kwa nini.

Nimesikia Thani bado hajaoa. Tangu lini walii wa mwanamke akatangulia kuposa? Watu watanicheka, na wanicheke. Natangulia mimi kumposea Hind kwa mwanao. Ukisema ndiyo, meli ya kwanza nitapanda mimi, nije nikae barazani kwako ningoje jibu kama walivyongoja watu wako siku ile ya posa. Ukisema hapana, haki yako, nami sitanung'unika.

Nisalimie mdogo wako Kheiria, na Bi Mahbuba jirani yako, na wote wanaoniulizia, kama wapo. Thani usimpe salamu zangu. Mpe barua hii aisome mwenyewe mpaka mwisho, kisha aamue kama salamu zangu anazitaka.

Mwenyezi Mungu akuponye goti, akupe umri, na akulainishie moyo juu yangu.

Mimi nikupendaye, nduguyo wa damu,

Majid