Paa Nililopimia Kichwa Changu

Lodwar, Jumanne

Turkana nzima hakuna fundi aliyeshusha mapaa ya lori kunizidi. Haya, uongo. Hili la leo ndilo la kwanza, na laiti lingekuwa la fundi mwingine.

Tajiri wa Kakuma alitaka kebini ya lori lake iwe fupi, ya kutisha barabarani. Nikaketi kiti cha dereva, nikaacha nafasi ya kiganja kimoja juu ya kofia yangu, nikapiga alama. Nikakata nguzo zote, nikashusha paa, nikachomelea. Lilipendeza mpaka nikalizunguka mara tatu nikijisifu.

Mchana akaja dereva wake, Ekiru, kulichukua. Ekiru ni mrefu kama mnara wa simu, na mimi mfupi tangu kuzaliwa. Alipoingia, shingo ikalala begani.

"Mzee, hili ni lori ama jeneza?"

"Jeneza ungenyooka," nikamjibu. Tukacheka.

Tukajaribu kushusha kiti, lakini chini yake ni injini. Akampigia tajiri. Tajiri ameshaona picha niliyomtumia, amelipenda hivyo hivyo. Atatafuta dereva mfupi. Ekiru hakucheka tena. Miaka kumi na moja watoto wake wamekula kwa lori hilo, na mimi nimewakatia chakula kwa msumeno.

Kesho tajiri anakuja. Mungu, mlango wa kanisa lako niliuchomelea bure, na asante sijasikia. Mlainishe akubali nirudishe inchi nne tu. Chuma nitatoa mimi.