Siku Sista Alipopima Mikono Yako

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Jana nilipita Gatwekera nikakuta chumba chako cha zamani kina wapangaji wengine, na nje wameanika nepi. Nikasimama kidogo. Nikaukumbuka ule mwaka ambao mimi na wewe tulikaribia kukosana kabisa, na hakuna aliyetaka.

Unajua jinsi watu wetu wa Machakos walivyonung'unika nilipoolewa na Mkikuyu wa Kawangware. Wewe hukusema neno. Ulikuja harusini na gauni la kijani, ukacheza kuliko wote. Kwa hiyo binti yangu Wanjiru alipozaliwa, nasi tukampa jina la mama mkwe wangu kama desturi yao ilivyo, nilikungoja kwa hamu uje umpakate. Ulikuja, ukakaa kwenye kiti cha mbali. Nikakuletea mtoto, ukaficha mikono ndani ya leso.

"Mwache alale," ukasema.

Alikuwa macho, Mwaitu, anakuangalia. Kila nilipokutembelea ikawa hivyo hivyo. Nikaamini umeudhika kwa sababu ya lile jina. Nilirudi Kawangware nimemfunga mgongoni, nalia njiani.

Halafu birika likakuponyoka, chai ikakuunguza mguu. Nikakupeleka kliniki ya huku kwetu. Sista aliyekufunga bandeji aliona jambo ambalo mimi sikuliona: ulishindwa kuinuka kwenye benchi bila kujisukuma kwa mikono miwili, na mikono yenyewe ilitetemeka. Akaleta chombo cha chuma chenye mpini, na juu yake mshale kama wa saa.

"Finya, mama. Finya na nguvu yako yote."

Ulifinya mpaka ukajiuma mdomo. Mshale ulisogea kidogo tu, ukakwama. Akanipa mimi nifinye, tuone tofauti. Uliutazama mshale wangu ukipanda, kisha ukatazama chini.

"Unakula nini, mama?"

"Chai."

"Na nini?"

"Na mkate. Nikipata hamu."

Akatueleza polepole kwamba mkono ukilegea hivyo, mara nyingi miguu na mgongo navyo vimelegea. Misuli inaisha mwilini, na siku ukianguka huenda usiinuke tena. "Si uzee peke yake," alisema. "Chakula na mazoezi vitamsaidia."

Hapo ndipo uliponigeukia. "Ndiyo maana sikumshika mtoto. Vitu vinanitoka mkononi. Niliogopa nitamwangusha, halafu utanichukia."

Nilikukumbatia pale pale, foleni yote ikitutazama.

Ukahamia kwetu. Ulivyolalamika! Maharagwe, mayai, kuinuka na kukaa kwenye stuli, hadi ukasema nimekuwa askari jela. Kila asubuhi ulikamua kitambaa kilicholowa maji kama sista alivyokuonyesha, ukinitukana kwa Kikamba ili mama mkwe asielewe. Naye mama mkwe, mwenye ng'ombe wake mmoja nyuma ya vyumba vya kupangisha, alikuletea maziwa mwenyewe.

"Kunywa," alikuambia. "Sitaki kukimbizana na huyu mtoto peke yangu."

Tuliporudi kliniki mshale ulipanda zaidi. Si sana, sista alilisema hilo waziwazi. Lakini wewe ulikiweka chombo mezani, ukanyoosha mikono. "Nipe mtoto wangu." Nikamfungua Wanjiru mgongoni, nikakuwekea kifuani. Akakuvuta kitambaa cha kichwa, akakukojolea gauni. Ulicheka hadi machozi yakakutoka. "Huyu ni wangu kweli," ukasema.

Ulimbeba hadi akawa mzito kwa kila mtu, kisha mkawa mnatembea mmeshikana mikono mpaka dukani, mtaa wa Satellite, na kurudi. Homa ya mapafu ilipokuchukua, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza kwa nini hujaamka. Namshukuru Mungu kwa miaka ile, ingawa bado nina hasira kwamba haikuwa mingi. Siku nyingine nakupakulia chakula, nakumbuka sahani ikiwa tayari imejaa.

Ulimfundisha akuite susu, yaani bibi kwa lugha yetu. Sasa ameanza shule, na bibi yake wa huku pia anamwita susu. Jamaa wa mume wangu wanasema mtoto arekebishwe, aseme cucu, kwa Kikuyu, kama wenzake. Mama mkwe amewakatalia. Jioni Wanjiru anaingia langoni na mkoba wake, anaita kwa sauti, "Susu!" Na mama mkwe anaitika.

Pumzika, Mwaitu.

Ni mimi,
kitinda mimba wako.